Una Nafasi Mpaka Magharibi

Hotuba kwa walimu na wazazi, Tanga

Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama dirishani kwa kukosa viti, habari za alasiri.

Kabla sijapanda hapa, kijana anayeongoza shughuli yetu aliniinamia sikioni akasema, "Mwalimu, una nafasi mpaka magharibi." Nikamshukuru. Tangu hapo maneno yake hayajanitoka, maana bila kujua amenifungulia mlango.

Nafasi ni nini? Tukibanana kwenye daladala tunaombana nafasi. Mpaka ni nini? Ni ule mstari wa minyaa unaotenga shamba langu na la jirani. Na magharibi ni upande: ukitoka nje ya ukumbi huu, ni kule iendako njia ya Muheza na milima ya Usambara. Kijana wetu ametumia maneno matatu ya mahali kunieleza jambo la wakati, na hakuna mtu hapa Tanga, mkubwa kwa mdogo, ambaye angehitaji kufasiriwa.

Wakati hauna rangi wala harufu. Mbele ya macho yetu kuna viti, kuta, bahari. Jana haipo, na kesho haipo. Hatukuumbwa na kiungo cha kuionea jana. Basi akili hufanya kama jirani aliyeishiwa: huenda kugonga mlango wa pili akaazima. Huazima mahali. Ninachotaka kuwaomba leo ni kwamba mtoto wa Tanga, anapoazima, aazime kwao. Aazime upepo wake, jua lake na maji yake, kabla hajapewa mstari wa chaki ubaoni.

Niwaeleze nilichokiona mwenyewe. Mwaka juzi niliwachukua watoto tisa wa darasa la pili kutoka mtaani kwangu, siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, tukaenda penye ngazi za saruji zinazoshuka baharini upande wa Raskazone. Mnajua bamvua la kwetu: maji hujaa alfajiri saa kumi, hupwa kabisa saa nne asubuhi. Tulifika saa moja, maji yakiwa katikati ya safari yake. Kila nusu saa mtoto mmoja alishuka akaweka alama ya chaki ukutani pale maji yalipofika. Ilipotimu saa nne tulikuwa na alama saba, moja chini ya nyingine.

Nafasi kati ya alama ya kwanza na ya pili ilikuwa mkono mmoja kamili, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Kati ya ile ya sita na ya saba ilikuwa vidole vitatu. Wavuvi wote mnalijua hili: maji katikati hukimbia, yakikaribia kugeuka husimama. Nikawauliza watoto, wapi tulikaa muda mrefu zaidi? Binti mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa ameshika simu yangu na kututangazia kila nusu saa ilipotimia, akanyoosha kidole juu kabisa. "Hapa tulikaa sana. Hapa chini kidogo." Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetuhesabia. Akaitazama simu, akautazama ukuta, akarudia jibu lile lile. Ukuta ulikuwa na nguvu kuliko saa.

Mtu asidhani mtoto yule ni mzito. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alichapisha mwaka 1946 utafiti aliofanya kwa watoto: vikaragosi viwili vinaanza kwenda pamoja na kusimama pamoja, lakini kimoja kinakwenda mbali zaidi. Watoto wadogo walisema kile kilichofika mbali ndicho kilichotumia muda mwingi zaidi. Na sisi watu wazima hatujapona. Mwaka 2008 Daniel Casasanto na Lera Boroditsky, huko Marekani, waliwaonyesha watu wazima mistari inayokua kwenye kioo cha kompyuta. Mstari mrefu ulidhaniwa umekaa muda mrefu, hata pale ulipokaa sawasawa na mfupi. Lakini walipoulizwa urefu wa mistari, muda haukuwapotosha. Yaani mahali hukopesha, wakati hukopa, na deni halirudi upande wa pili.

Wataalamu wa ubongo nao wameonja jambo hili kwa njia yao. Ndani ya kichwa, usawa wa masikio, kuna sehemu iliyojikunja iitwayo hipokampasi. Mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky, wakiwa London, waligundua humo seli za panya ambazo huamka pale tu panya anapofika kona fulani ya chumba. O'Keefe pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norwei walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kazi ya namna hiyo. Mwaka 2011 kundi la Howard Eichenbaum, huko Boston, likaonyesha kwamba katika sehemu hiyo hiyo ya ubongo zipo seli zinazoamka kwa zamu kadiri sekunde zinavyopita, panya akiwa anasubiri tu. Nyumba moja, wapangaji wawili.

Sasa turudi kwetu, maana huku ndiko kuliko na utajiri.

Sikilizeni silabi moja ya Kiswahili: -po-. Nikisema "nilipozaliwa pana mwembe," nazungumzia mahali. Nikisema "nilipozaliwa baba alikuwa baharini," nazungumzia wakati. Neno ni lile lile, halijabadilika hata herufi. Papo hapo ni mahali pale pale, na ni sasa hivi. Karibu ni jirani, na karibu ni bado kidogo. Na pwani yenyewe, jina la nchi yetu hii, ni pale maji yanapopwa. Tunaishi mahali palipopewa jina la saa ya maji.

Halafu tazameni pande nne za dunia. Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu nimefundisha jiografia miaka mingi na kwa muda mrefu nilizifundisha pande hizi kama msalaba wa kuchora kwenye daftari, mishale minne na herufi zake. Nilikuwa nawanyima watoto nusu ya jambo. Kaskazini ni kule unakotoka kaskazi, upepo wa Desemba mpaka Machi, ulioleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusini ni kule unakotoka kusi, unaoanza baada ya kaskazi kufa, ukavuma miezi ya baridi, ukayarudisha majahazi kwao. Kaskazi ni upepo na ni msimu. Mzee akisema "tulioana kaskazi," hakuna anayemuuliza ni upande gani wa mji. Mashariki ni kunakochomoza jua, magharibi ni linakozama, na ni sala, na ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Waliosoma sarufi ya Kiarabu wanajua kwamba umbo la maneno haya mawili lina jina lake katika sarufi hiyo: jina la mahali na zama. Umbo moja kwa kazi mbili, na wanazuoni waliliona zamani.

Basi mtoto wa pwani akisimama uwanjani akazunguka pande zote nne, amezunguka mwaka na siku. Kaskazi na kusi ni mwaka wake. Mashariki na magharibi ni siku yake. Dira yake ni kalenda.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa Sahare. Akisukuma ngalawa alfajiri alituambia atarudi lini kwa mkono. Hakusema saa tisa. Alisema, "Nitafika jua likiwa hapa," na mkono wake ulinyooka juu ya minazi, kidole kikatulia mahali fulani angani, wala hakikutetemeka. Mama alikitazama kidole, akatazama minazi, akaingia ndani. Alijua lini ateleke ugali. Nikiwa kijana nilimsindikiza baba ofisi fulani kufuatilia karatasi zake, akaulizwa aje tena lini, naye akanyoosha mkono dirishani kuonyesha jua litakapokuwa. Aliyekuwa mezani akamwambia, "Mzee, kwani huna saa?" Watu wakacheka. Baba alikuwa nayo saa ya mkononi, nzuri, aliyoitunza miaka yote. Aliivua akienda baharini kwa sababu ya chumvi. Siku ile nilimwonea aibu baba yangu. Leo naiona aibu ile kuwa ya kwangu mimi, siyo yake, na nimeibeba mpaka hapa mbele yenu ili tuizike pamoja.

Kwa sababu baba hakuwa peke yake. Kule Brazil, Amazoni, wapo watu wasemao Kinheengatu ambao huonyesha saa kwa kunyoosha mkono angani jua linapokuwa au litakapokuwa, na ishara hiyo ni sehemu kamili ya sentensi yao. Na kule Australia ya kaskazini, mji mdogo wa Pormpuraaw, Lera Boroditsky na Alice Gaby waliwapa wenyeji picha za kupanga kwa mfuatano, mfano mtu akikua mpaka uzee, na mwaka 2010 wakatoa matokeo yao. Wenyeji walipokaa wameelekea kusini, walizipanga kutoka kushoto kwenda kulia. Walipogeuzwa kuelekea kaskazini, wakazipanga kutoka kulia kwenda kushoto. Walipoelekea mashariki, picha zilianzia mbali zikaja kuelekea kifuani. Hawakuambiwa upande gani ni upi. Kila mara wakati ulitoka mashariki ukaenda magharibi, kama jua. Mwili ukigeuka, wakati haugeuki nao.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka baba na kidole chake juu ya minazi.

Liko jambo jingine, la mbele na nyuma, ambalo nalipenda zaidi na linanisumbua zaidi. Sote tunasema siku za nyuma na siku za mbele. Tulikotoka, tuendako. Tunatembea, na kesho iko usoni. Lakini wapo Waaymara, wa milima ya Andes huko Bolivia, Peru na Chile, ambao kwao neno la jicho na mbele, nayra, ndilo hilo hilo la zamani, na neno la mgongoni, qhipa, ndilo la siku zijazo. Rafael Núñez na Eve Sweetser waliwachunguza, wakachapisha mwaka 2006: wazee wao wakizungumzia mababu hunyoosha mkono mbele, wakizungumzia kesho huashiria nyuma ya bega. Kilichopita umekiona, kiko mbele ya macho. Kijacho hujakiona, kiko kisogoni.

Watu wakisikia hivyo husema, ama kweli duniani kuna mambo. Nami nawauliza: mtu akifariki hapa Tanga tunasemaje? Ametangulia. Ametangulia mbele ya haki. Wazee waliozikwa miaka mia moja iliyopita tunawaita waliotutangulia. Kwa tarehe wako nyuma, kwa heshima wako mbele. Tunaziweka picha mbili kichwani kwa wakati mmoja wala hazigombani. Katika moja, kila mtu anakwenda na siku zake, zilizopita ziko mgongoni. Katika nyingine, sote tuko njia moja kama msafara, na aliyeanza safari mapema amefika mbali zaidi. Ninapopita kaburini kwa mama yangu najua kabisa mimi ndiye ninayemfuata.

Na kama mnataka kuona jinsi neno moja linavyoweza kutazama huku na huku, chukueni maneno haya manne: kabla, kibla, kukabili, mustakabali. Yote yametoka shina moja la Kiarabu, na ndani yake muna uso ulioelekea kitu. Kukabili ni kuelekeana nacho. Kibla ndiko tunakoelekeza uso, ambako kwetu Tanga ni kaskazini kabisa, kwa kuwa Makka na Tanga ziko karibu kwenye longitudo moja. Mustakabali ni siku zijazo tunazozielekea. Lakini kabla ni kilichopita! Shina moja limezaa jana na kesho, kwa kuwa zote mbili zinaweza kuwa mbele ya uso, inategemea umesimamaje.

Msidhani haya ni mapambo ya lugha. Yanaweza kumwumiza mtu. Shangazi yangu wa Kigombe, mtu wa miaka sabini na kitu, alikuwa na miadi ya macho siku ya Ijumaa. Akatumiwa ujumbe kwenye simu ya mjukuu: "Miadi yako imerudishwa nyuma siku tatu." Mjukuu akasoma, wakahesabu kwa vidole, Alhamisi, Jumatano, Jumanne. Jumanne akapanda bodaboda gizani mpaka barabarani, akapata daladala, akafika mjini na jua halijakolea. Daktari hayupo. Akaambiwa kwa ukali kwamba miadi yake ni Jumatatu ijayo na ujumbe alitumiwa. Alirudi Kigombe jioni, hakula kitu tangu alfajiri, macho yamemvimba kwa vumbi.

Aliyeandika ujumbe ule alikuwa amefikiri kwa Kiingereza. Kwa Waingereza tarehe ikisukumwa nyuma, inasukumwa mbali nawe, inachelewa. Kwetu sisi nyuma ni kule tulikotoka, na mkutano ukisogezwa mbele ndio umechelewa. Na Kiingereza chenyewe hakijatulia: Boroditsky na Michael Ramscar waliwauliza watu, katika utafiti wa mwaka 2002, mkutano wa Jumatano ukisogezwa mbele siku mbili utakuwa lini? Wengine walisema Jumatatu, wengine Ijumaa, na waliokuwa wametoka safarini kwa ndege walielekea zaidi kwenye Ijumaa, kwa kuwa mwili ulikuwa bado unahisi mwendo. Wenye lugha wenyewe wanagongana. Itakuwaje tukiihamisha neno kwa neno na kumtupia mama wa Kigombe? Nawasihi mnaoandika matangazo ya shule, ya zahanati, ya vikao: taja siku. Andika Jumatatu, na tarehe yake. Usimwachie mgonjwa kazi ya kukisia umesimama wapi.

Nikimbie kidogo, maana jua linashuka.

Watoto wetu wengi asubuhi wako shule, ambako mstari huanzia kushoto, na alasiri wako madrasa, ambako huanzia kulia. Mwaka 1991 Barbara Tversky na wenzake waliwaomba watoto wa lugha mbalimbali wapange asubuhi, mchana na jioni kwenye karatasi. Wa Kiingereza walianzia kushoto, wa Kiarabu wakaelekea kuanzia kulia, wa Kiebrania wakawa katikati. Mama yangu hakukanyaga shule, alisoma chuoni, yaani madrasa, na barua zake aliandika kwa herufi za Kiarabu. Nilimpa picha nne za mjukuu wake, kutoka uchanga mpaka sare ya shule, nikamwomba azipange mkekani. Kichanga akakiweka kulia, sare kushoto, bila kufikiri. Mwalimu, mtoto akikupangia matukio ya historia kutoka kulia, usimpige mkwaju mwekundu. Muulize kwanza ameanzia wapi.

Na saa ya ukutani. Mshale mfupi uko kwenye saba nasi tunasema saa moja. Wageni hushangaa. Lakini tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, mchana wetu hauachani sana na saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo kuhesabu tangu jua lilipochomoza ni hesabu inayosimama. Nimewafundisha watoto hivi: mshale mfupi una mkia. Urefushe mkia huo kwa macho mpaka upande wa pili wa uso wa saa. Kichwa kiko saba, mkia uko moja. Kichwa kiko tatu, mkia uko tisa. Saa sita za tofauti ni nusu ya duara, basi jibu la Kiswahili liko mkabala daima. Nimemwona mtoto aliyeogopa saa kwa mwaka mzima akaelewa kwa dakika tano, akaanza kuzunguka darasani mwenyewe kama mshale, mkono mmoja mbele, mwingine nyuma.

Kina baba na kina mama, Jumamosi ijayo ni bamvua tena. Nitakuwa pale penye ngazi saa moja kamili asubuhi, na chaki, na pakiti za mihogo ya kukaanga. Safari hii nataka tubaki baada ya saa nne, tuone maji yakigeuka na kupanda juu ya alama zetu moja moja, watoto wakisie kila alama itafunikwa lini. Mwenye mtoto wa darasa la pili au la tatu amlete. Mwenye baba au babu mvuvi amlete pia, nitampa kiti kivulini, nami nitamwomba kwanza awaonyeshe watoto kwa mkono jua litakuwa wapi wakati wa kurudi nyumbani.